Mfupa ndani ya titi: jinsi protini zinavyobadilika uvimbe unapokua kwenye matiti ya mbwa

Kuna siku mtaalamu wa patholojia anaukata uvimbe uliotolewa kwenye titi la mbwa, na kisu kinagoma. Anakandamiza, kinakwaruza kama kimegonga changarawe. Anachukua msumeno mdogo, anaufungua, na ndani anakuta mfupa. Si kipande cha ubavu kilichokatwa kwa bahati mbaya. Ni mfupa halisi, umejengeka humo humo ndani ya titi, na pembeni yake kuna gegedu nyeupe inayong'aa kama ile ya kwenye supu ya kongoro.

Uvimbe wa aina hii huitwa uvimbe mchanganyiko. Kwa mwanamke ni nadra mno. Kwa mbwa jike ni jambo la kawaida, kiasi kwamba wanaofanya kazi hiyo hawashtuki tena. Lakini swali linabaki palepale: titi limejuaje kutengeneza mfupa?

Jibu ni kwamba lilikuwa linajua siku zote. Kila seli ya mbwa, iwe ya titi, ya ini au ya mguu, imebeba nakala ileile ya jeni zote. Kinachoifanya seli ya titi iwe ya titi ni zile protini inazozitengeneza na zile inazoziacha zilale. Na tuelewane mapema: hapa hatuzungumzii protini ya maharage na dagaa. Protini ni watendaji wa ndani ya seli. Kuna inayoshikilia seli na jirani yake, kuna inayopokea ujumbe wa homoni, kuna inayokagua nakala za DNA kabla seli haijagawanyika. Mtu akisoma kwamba "protini zimebadilika" kwenye uvimbe, haraka anafikiria sumu ngeni iliyoingia mwilini. Mara nyingi si hivyo. Ni protini zilezile za kawaida, ila nyingi mno, au chache mno, au zimekaa pasipo pake, au zinafanya kazi wakati si wake. Zile zilizoharibika umbo zipo pia, tutazifikia.

Mbwa jike kwa kawaida ana matiti kumi, matano kila upande. Uvimbe hupenda zaidi yale ya nyuma, karibu na mapaja, ambako tishu ya maziwa ni nyingi. Vitabu vya udaktari wa wanyama kwa miaka mingi vimekuwa vikisema takriban nusu ya uvimbe wa matiti ya mbwa ni saratani na nusu si saratani. Mgawanyo huo unasaidia kukumbuka, lakini unaficha jambo. Mwaka 2009 Karin Sorenmo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha uchunguzi wao wa mbwa wenye uvimbe zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Waliona uvimbe mdogo ukiwa mara nyingi si saratani, mkubwa ukiwa saratani, na mwingine ukiwa na sehemu zote mbili ndani yake, tulivu huku na kali kule. Maana yake ni kwamba hizi si nchi mbili zenye mpaka. Ni njia moja, na uvimbe unaweza kukutwa popote njiani. Kwa hiyo anayetafuta protini "ya saratani" anatafuta kitu ambacho huenda kimeanza kusogea zamani, uvimbe ukiwa bado saizi ya punje ya choroko.

Njia hiyo inaanzia kwenye homoni, na hapo mbwa ana mambo yake.

Mbwa jike huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka. Baada ya yai kutoka, ovari zake humwaga projesteroni kwa karibu miezi miwili, awe amepandwa au hajapandwa. Mwili wake hausubiri uthibitisho wa mimba, unajiandaa tu. Ndiyo sababu mbwa ambaye hajamwona dume anaweza kuvimba matiti, kutoa maziwa na kubeba kandambili mdomoni akiilea kama mtoto. Ndani ya titi, projesteroni hufika kwenye vipokezi vyake, ambavyo ni protini zinazofanya kazi kama masikio ya seli. Seli ikisikia, inaanza kujiandaa kwa kazi ya maziwa.

Sasa jambo lililowashangaza wengi. Homoni ya ukuaji, ambayo sisi wote tulifundishwa kwamba hutoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, kwa mbwa hutengenezwa pia ndani ya titi, na anayeiamuru itengenezwe ni projesteroni. Hili lilionyeshwa na watafiti wa Utrecht, Uholanzi, katikati ya miaka ya 1990. Mbwa waliokuwa wamechomwa dawa za jamii ya projesteroni walikuwa na homoni ya ukuaji nyingi kwenye damu, na ilipochunguzwa inatoka wapi, kidole kikaelekea kwenye matiti: yakiondolewa, homoni inashuka. Kwa titi linalojiandaa kunyonyesha, hiyo ni mbolea nzuri. Lakini mbolea haichagui mmea. Kama kuna seli moja ambayo tayari ina hitilafu, nayo inapata sehemu yake, kila baada ya miezi sita au saba, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana maradhi haya ni ya mbwa wa makamo na wazee, hasa wa miaka minane hadi kumi. Mbwa wa ulinzi anayegongwa na gari akiwa na miaka minne hapati nafasi ya kuugua.

Uhusiano huu wa projesteroni na titi la mbwa uliwahi kugusa maisha ya mamilioni ya wanawake. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, Depo-Provera, ile inayojulikana vizuri kwenye zahanati zetu, ni dawa ya jamii ya projesteroni. Kabla ya kuruhusiwa Marekani ilijaribiwa kwa mbwa aina ya beagle, na mbwa wale wakaota uvimbe wa matiti. Mwaka 1978 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilikataa kuiidhinisha kwa uzazi wa mpango, na uvimbe wa beagle ulikuwa miongoni mwa sababu. Ilikuja kuidhinishwa Oktoba 1992. Katikati hapo watu walibishana: je, mbwa anasema kweli kuhusu mwanamke? Ilivyoonekana, mbwa alikuwa anasema kweli kuhusu mbwa. Titi lake hujibu projesteroni kwa namna ambayo titi la mwanamke halijibu. Hilo halina maana kwamba dawa hiyo haina athari yoyote kwa binadamu. Maana yake ni kwamba athari hizo lazima zipimwe kwa wanawake wenyewe, na zinaendelea kupimwa.

Kwa upande wa mbwa hali ni wazi zaidi. Kuna wafugaji wanaoomba mbwa wao achomwe sindano ya projesteroni ili asiingie joto, kwa sababu ni rahisi kuliko upasuaji. Kwa maelezo yaliyopita, msomaji ameshaona tatizo liko wapi.

Turudi kwenye masikio ya seli. Titi lenye afya lina vipokezi vya estrojeni na vya projesteroni. Uvimbe usio saratani kwa kawaida unavyo pia. Lakini kadiri uvimbe unavyosogea upande wa ukali, vipokezi hivyo hupungua, na saratani nyingi zilizoenea hukutwa karibu hazina kabisa. Mtu angetegemea kinyume chake: kama homoni ndiyo iliyochochea, si uvimbe mkali ungekuwa na masikio makubwa zaidi? Fikiria kijana wa gereji aliyekuwa akisubiri fundi mkuu amwambie washa, zima. Siku akishajifunza kuwasha mwenyewe, hana haja ya kusikia. Seli ya saratani iliyopoteza vipokezi haijatulia. Imepata njia ya kujiamuru. Kwa hiyo kumfunga mbwa kizazi, yaani kumtoa ovari, kabla uvimbe haujaanza ni jambo moja, na kutegemea upasuaji huohuo umponye mbwa ambaye saratani yake imeshakuwa kiziwi ni jambo jingine.

Na hapo kuna takwimu inayonukuliwa vibaya kila mahali. Utafiti wa California wa mwaka 1969 ulitoa tarakimu tatu maarufu: 0.5%, 8% na 26%, kwa mbwa waliofungwa kizazi kabla ya joto la kwanza, baada ya la kwanza, na baada ya la pili au zaidi. Wengi husoma kwamba mbwa 26 kati ya 100 watapata uvimbe. Sivyo. Tarakimu hizo zinalinganisha hatari yao na ile ya mbwa ambaye hajafungwa kizazi kabisa: 0.5% ni sehemu ndogo sana ya hatari hiyo, 26% ni kama robo yake. Tena mapitio ya Uingereza ya mwaka 2012 yalipokusanya tafiti zote za aina hii yaliona ushahidi wenyewe ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Sweden, ambako zamani haikuwa desturi kufunga mbwa kizazi, kumbukumbu za bima zilionyesha kwamba kufikia umri wa miaka kumi takriban 13% ya majike walikuwa wamepata uvimbe wa matiti. Mimi nakubaliana na wanaosema kufunga kizazi mapema kunakinga; ninachokataa ni kuuza tarakimu za 1969 kana kwamba zimeandikwa kwenye jiwe.

Ndani ya seli yenyewe mabadiliko ni mengi, na si yote yana uzito sawa. Mawili yananivutia zaidi.

La kwanza ni la protini iitwayo E-kadherini. Msomaji aliyemwona bibi akishona mkeka anajua kwamba ukili mmoja mmoja haufanyi mkeka mpaka uzi upite kuunganisha ukili na ukili. Seli za titi zimepangwa hivyo, na E-kadherini ndiyo uzi. Inatokeza kwenye ngozi ya seli hii na kushikana na mwenzake wa seli ya pili. Kwa ndani imefungwa kwenye protini nyingine, beta-katenini. Kwenye uvimbe mkali wa mbwa, E-kadherini hupungua, au huacha kukaa ukingoni na kukutwa imezagaa katikati ya seli, ambako haishiki chochote. Uzi ukikatika, ukili unachomoka. Seli iliyochomoka inaweza kupenya tishu ya jirani, kuingia kwenye mishipa ya limfu na kufika mapafuni. Na beta-katenini iliyoachiliwa haikai bure. Ikiingia kwenye kiini cha seli huweza kuwasha jeni za kugawanyika. Kukatika kwa uzi mmoja kunaleta hasara mbili.

La pili ni la protini iitwayo p53, na lina kitendawili. Kazi yake ni kusimamisha seli ambayo DNA yake imeharibika: ijirekebishe au ife. Katika seli yenye afya huvunjwavunjwa muda mfupi baada ya kutengenezwa, kwa hiyo ukipaka rangi ya kuitafuta huioni, au unaiona kwa shida. Kwenye baadhi ya saratani za matiti ya mbwa unaiona imejaa, viini vyote vimekolea. Mgeni kwenye maabara atasema: afadhali, walinzi ni wengi. Kumbe walinzi hao ni wabovu. Jeni ikiharibika, protini inayotoka ina umbo lisilofaa, haifanyi kazi, na mara nyingi mwili unashindwa kuivunja, ndiyo maana inarundikana. Wingi unaoonekana ni wa waliolala kazini.

Nyingine tuzipitie kwa haraka. Ki-67 ni protini inayoonekana tu kwenye seli iliyo katika mzunguko wa kugawanyika, kwa hiyo hesabu yake ni kama mita ya kasi. Jina lake linatokana na mji wa Kiel, Ujerumani, na namba 67 ya kisahani cha maabara ambamo kingamwili yake ya kwanza, yaani protini ya maabara inayoishika, ilipatikana. COX-2, ileile inayohusika na maumivu na kuvimba kwa sehemu iliyoumia, huongezeka kwenye saratani kali na kusaidia mishipa mipya ya damu kuota. Na ipo protini ya PI3K, inayopitisha amri ya "kua" ndani ya seli. Kati ya asidi amino zake 1,068, yaani vipande vinavyoijenga, moja tu, namba 1,047, ikibadilishwa, amri hiyo haizimiki tena. Badiliko hilo hilo, mahali palepale, limekutwa kwenye saratani za matiti ya wanawake na kwenye uvimbe wa mbwa. Hapa mbwa na mwanamke wanafanana hadi kwenye herufi.

Zote hizo zilijulikana kwa njia ya kuuliza moja moja: unachukua kingamwili inayoshika protini unayoishuku, unapaka kwenye kipande cha uvimbe, unatazama. Udhaifu wake ni kwamba huoni usichouliza. Njia ya pili ni kuzitazama protini zote kwa pamoja. Uvimbe unasagwa, protini zinatandazwa kwenye bamba la jeli, zinatenganishwa kwa chaji ya umeme kuelekea upande mmoja na kwa ukubwa kuelekea upande wa pili, mpaka kila moja inakuwa doa mahali pake. Madoa ya uvimbe huu yanalinganishwa na ya ule, na lile lililokolea au kufifia linakatwa, linameng'enywa vipande, na vipande vinapimwa uzito kwenye mtambo. Ila uzito peke yake haukupi jina. Lazima uwe na orodha ya protini zote za mbwa ulinganishe, na orodha hiyo ilikamilika vizuri Desemba 2005, jenomu ya mbwa, yaani maandishi yote ya DNA yake, ilipochapishwa kutoka kwenye damu ya jike mmoja wa aina ya boxer aliyeitwa Tasha: jeni zipatazo 19,300.

Miaka mitano baadaye, kundi la Berlin lilichapisha ulinganisho wa saratani za matiti ya mbwa zilizokwishafika kwenye tezi za limfu na zile ambazo hazijafika. Protini 21 zilitofautiana. Zilizoongezeka ni pamoja na PCNA, inayosaidia kunakili DNA, na feritini, inayotunza madini ya chuma, ambayo seli inayokua kwa kasi inayahitaji. Zilizopungua ni pamoja na vinkulini, inayotia nanga seli mahali pake, na maspini, inayojulikana kuzuia seli za titi kusambaa. Ukizitazama kwa pamoja unaona hadithi moja: nakili haraka, kula vizuri, ng'oa nanga. Baadhi zinafanana na za wanawake, nyingine hapana.

Lakini madoa hayo yana mipaka yake. Uvimbe uliosagwa una damu, mafuta, seli za kinga na nyuzi za kushikilia tishu, kwa hiyo doa lililofifia linaweza kumaanisha tu kwamba kipande hiki kilikuwa na nyama ya pembeni kidogo. Tena jeli inaona vizuri protini za kujenga, ambazo ni nyingi, na kupitwa na zile za kutoa amri, ambazo huwa chache.

Kingamwili nazo hudanganya. HER2 ni protini maarufu kwa wanawake, kwa sababu mwenye nyingi anatibiwa kwa dawa mahususi iliyoanza kutumika mwaka 1998. Kwa miaka mingi tafiti zikaripoti HER2 kwenye uvimbe wa mbwa, kwa viwango vilivyopishana ajabu, hata kwenye uvimbe usio saratani. Mwaka 2015 watafiti wa Italia walitumia mtambo wa kupima uzito kukagua kingamwili iliyozoeleka, iliyotengenezwa kwa ajili ya binadamu, inashika nini hasa kwa mbwa. Matokeo yakatia shaka: ilikuwa inashika na vitu vingine. Ni kosa la aina ileile ya lile la beagle, ila limegeuzwa: kumsoma mbwa kwa kamusi ya binadamu.

Na ule mfupa? Titi lina tabaka mbili za seli. Za ndani hutengeneza maziwa. Za nje zina protini za msuli na hukaza ili maziwa yatoke. Kwa mbwa, seli hizi za nje hushiriki sana kwenye uvimbe. Zikishaongezeka huanza kupoteza protini za msuli na kumwaga utelezi, utelezi unageuka gegedu, na gegedu inakuwa mfupa, zikisaidiwa na protini zilezile zinazojenga mifupa ya kijusi tumboni. Wataalamu wengi wanaamini hizo ndizo chanzo, ingawa wapo wanaozitilia mkazo seli mama zilizo ndani ya titi, zile zinazoweza kugeuka seli za aina mbalimbali. Cha ajabu ni kwamba saratani ambamo seli za tabaka zote mbili zimeongezeka kwa kawaida hazina ukali kama zile za seli za maziwa peke yake. Ule unaogoma kukatwa si lazima uwe ndio unaoua.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoonekana kwa kugusa. Daktari wa mifugo akiutoa uvimbe, kinachofuata kinategemea kopo. Formalini ya 10%, dawa ya kuhifadhi tishu, kiasi mara kumi ya ujazo wa uvimbe, na ukiwa mkubwa upasuliwe kidogo kwanza, maana dawa hupenya polepole na katikati panaoza kabla haijafika. Usiwekwe kwenye friza. Uandikwe ulitoka titi la ngapi, upande gani, na mbwa alichomwa sindano gani zamani. Ukifika hivyo kwenye maabara ya patholojia, kama zile za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, au za Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, protini zake bado zitakuwa mahali pake, na E-kadherini iliyo ukingoni itaonekana iko ukingoni.